Kukohoa Mlangoni

Zamani kaka akisikia kikohozi cha dada yake kibarazani alitokea mlango wa nyuma hata kama mdomo umejaa chakula; siku hizi wanakaa kochi moja, miguu juu ya meza, wanagombania rimoti.

Lopeti alizaliwa wakati ule wa kwanza, katika kisiwa kidogo cha Ha'apai, kwetu Tonga, ambako mtu akipiga chafya upande huu anaombewa afya upande ule. Sauti yake ilipoanza kukwaruza, mama yake alikunja mkeka wake wa kulalia na kumkabidhi pamoja na mto. Akahamia kwenye kibanda cha wavulana nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemweleza kitu. Tangu siku hiyo hakukaa tena chumba kimoja na dada zake, wala na mabinti wa mama zake wadogo, ambao kwetu ni dada vilevile. Hakucheka nao, hakula nao, na neno chafu likitamkwa mahali alipo dada, yeye ndiye aliyeondoka kwa aibu, si aliyelitamka. Viazi vikuu vizuri kuliko vyote vilikwenda kwa dada. Dada akiomba kitu, hakuna kukataa. Wageni wameandika kwamba ni woga au ni chuki. Waache waandike, karatasi ni zao.

Shule ya kisiwa ilikuwa na vyumba viwili. Mwalimu aliyetumwa kutoka kisiwa kikuu cha Tongatapu alichoka na upweke, akapanda boti ya mbata na hakurudi. Wazee wakamfuata Lopeti shambani, wakamwambia ashike chaki mpaka aje mwingine. Mwingine hakuja. Lopeti alifundisha miaka mingi bila cheti, na watoto aliowafundisha kusoma walimletea watoto wao. Kisha wizara ikatangaza kwamba mwalimu asiye na cheti hataingia darasani tena, na shule isiyo na mwalimu mwenye cheti itafungwa. Watoto watavushwa kila Jumatatu kwenda kisiwa cha jirani, wakalale kwa ndugu mpaka Ijumaa. Lopeti alikuwa amewahi kuwaona watoto wa kisiwa kingine wakivushwa namna hiyo. Wa miaka sita, wamekumbatia mito yao gatini, wanalia bila sauti kwa sababu wameshakatazwa kulia.

Akamwambia mkewe, Vaimoana, kwamba anakwenda chuo. Vaimoana alimwangalia kichwani, palipoanza kuota mvi.

"Utakwenda kukaa na watoto uliowafundisha a, e, i?"

"Nitakaa nyuma yao," alisema Lopeti. "Cheti hakiulizi umri."

Basi akiwa amepita miaka arobaini akaingia chuo cha ualimu cha mji mkuu, Nuku'alofa, mkeka wa heshima umefungwa kiunoni kila siku, hata siku ambazo wahadhiri wenyewe walikuja na suruali za jinzi. Vijana walimwita Mzee wa Kozi. Walimwambia mkutano wa wazazi uko jengo lile pale. Alicheka nao. Alikuwa ameazima kompyuta kwa binamu yake wa kanisani, akajifunza kuandika kwa vidole viwili, na kazi zake hazikuchelewa kamwe. Usiku alilala kwenye ukumbi wa binamu huyo, alfajiri alikata nyasi za watu. Hakulalamika. Alipochoka aliwakumbuka watoto wa gatini.

Katika darasa lake alikuwemo Pisila, binti wa Losaline, mdogo wake mama. Dada yake, basi, ingawa alimzidi kwa miaka karibu ishirini. Mwaka mzima waliishi darasa moja bila mtu kugundua. Pisila alikaa safu ya mbele kushoto, akaingilia mlango wa mbele. Lopeti alikaa nyuma kulia karibu na dirisha, akatokea mlango wa nyuma. Chumba kilikuwa kikubwa, na watu arobaini kati yao walikuwa ukuta wa kutosha. Hakuna aliyepanga hilo. Watu waliolelewa hawahitaji mkutano.

Mwaka wa mwisho ukaja ule mradi. Chuo kilikuwa kimeungana na chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa Ujerumani, nacho kikifundisha walimu. Wanafunzi wawili wa huku wangeunganishwa na wawili wa kule, wakutane kwenye kioo cha kompyuta kila wiki, watunge somo moja la kufundishia watoto wa pande zote mbili, na mwisho waliwasilishe wote wanne mbele ya wahadhiri wa nchi zote mbili. Bila mradi huo hakuna cheti. Aliyeusimamia upande wetu alikuwa Dokta Melenaite, mwanamke mchapakazi, mwenye moyo mwema, aliyezaliwa na kukulia Auckland. Kitonga alikisema vizuri. Mengine yaliyokuja na Kitonga yalibaki ndegeni.

Alisimama mbele akasoma makundi. Wiebke na Malte wa Ujerumani, akasema, watakuwa na Pisila na Lopeti.

Safu ya mbele kushoto kichwa kikainama. Nyuma kulia kingine kikainama. Majina yao ya ukoo ni tofauti, karatasi isingeweza kumwambia Dokta chochote, na kunyanyuka mbele ya vijana arobaini useme yule ni dada yangu ni kumvua nguo hadharani. Lopeti akasubiri, akaenda ofisini.

Dokta alimsikiliza. Akasema anaelewa, lakini majina yameshakwenda Ujerumani, na makundi ya kule yamepangwa na mtu mwingine. Kisha akasema jambo lililomkaa Lopeti kichwani siku nyingi.

"Hamtakuwa pamoja, Lopeti. Wewe utakuwa maabara, yeye atakuwa maktaba. Ni kioo tu. Kioo si nyumba."

Alitoka akijaribu kuamini. Alikuwa na sababu ya kutaka kuamini.

Siku ya kwanza ilikuwa asubuhi ya Jumanne kwetu, na huko Ujerumani ilikuwa bado Jumatatu jioni. Malte, kijana mwenye ndevu chache zisizojua zielekee wapi, alianza kwa mzaha. Alisema wao wamekwama jana, hivyo Lopeti awaambie kesho ikoje kabla hawajaenda kulala.

"Kesho ni nzuri," alisema Lopeti. "Ina jua."

Wiebke alicheka. Alikuwa msichana mrefu, mwenye miwani, aliyeandika kila kitu. Wakati huohuo kisanduku cha nne kikafunguka pembeni, na humo ulikuwemo uso wa Pisila, karibu kuliko Lopeti alivyowahi kuuona tangu Pisila akiwa mtoto mchanga. Shavu kwa shavu na uso wake mwenyewe. Pisila akashusha macho. Lopeti akazima kompyuta, akanyanyuka, akatoka maabara, akasimama uani mpaka moyo ulipotulia. Wajerumani walidhani umeme umekatika. Dokta alimwandika hayupo.

Mtu mwingine angeacha. Lopeti alikwenda kukata nyasi, akafikiri huku anakata. Kama hawezi kuonekana na haoni, je, si sawa na kuwa nje ya nyumba? Jumanne iliyofuata aliketi kwenye mashine ya maabara ambayo haikuwa na jina la mtu, iliandikwa tu Maabara ya Pili. Akafunga kamera, akafunga sauti yake, akabandika kipande cha karatasi pale pembeni ambapo uso wa dada ungetokea. Alikuwa amempelekea Malte ujumbe mapema kwamba atakuwa anasikiliza tu na atatuma maoni yake kwa maandishi. Malte hakuona haja ya kumwambia mtu. Kwao mtu kusikiliza si jambo la kutangazwa.

Lopeti alidhani amepata dawa. Aliketi na kalamu yake kama mwanafunzi mwema.

Pisila, kwa upande wake, hakuona uso wa kaka yake wala jina lake. Akajua ametoka, kama ambavyo kaka yeyote angetoka. Nyumba ni yake. Akalegeza mabega. Wiebke akapendekeza somo: jinsi mwili unavyokua, kwa watoto wa darasa la sita. Malte akaenda kupika chai. Wakabaki wasichana wawili, au ndivyo walivyoamini, na Pisila akaanza kumsimulia Wiebke yaliyompata yeye alipokuwa na umri ule. Maneno hayo hayataandikwa hapa. Yalikuwa ya wanawake wawili.

Lopeti aliganda. Masikio yaliwaka moto. Akashika kipanya atoke, mshale ukapita kila mahali isipokuwa pale ulipotakiwa. Akabonyeza. Hakutoka, alifungua sauti. Na koo lililokuwa limekauka kwa aibu likakohoa.

Kikohozi kile Pisila alikijua. Alikuwa amekisikia utoto wake wote, nje ya mlango wa mama yake, kikimtangulia Lopeti kila alipoleta viazi. Safari hii kilikuja baada ya mtu.

Sauti ya Pisila ilikatika katikati ya neno. Kisha kiti kikasukumwa. Kisha Wiebke akawa anaita jina lake peke yake, mara kadhaa, hadi Malte aliporudi na chai.

Pisila hakuja chuoni wiki ile. Hakuja na iliyofuata. Kiti cha mbele kushoto kilikaa wazi, na Lopeti kule nyuma alikiona kila alipoinua kichwa. Ikasemekana ameshaandikisha jina la kwenda New Zealand kuchuma matunda. Lopeti akajua kwamba alikuwa amekuja mjini kuokoa darasa moja na sasa amemtoa mwalimu mwingine darasani, tena dada yake.

Akaomba viazi vikuu kwa watu wa kanisani, akavichagua kimojakimoja, akachinja nguruwe mdogo wa binamu kwa ahadi ya kulipa kwa kazi ya mikono. Jumamosi asubuhi, mkeka mpya kiunoni, akaenda kwa Losaline. Kabla hajafika kwenye ngazi alikohoa kwa nguvu. Akangoja. Akasikia mlango wa nyuma ukifungwa, nyayo zikaenda jikoni, ndipo akaingia na kukaa chini karibu na kizingiti, mahali pa mtu mwenye kesi.

Losaline alikuwa anasuka. Hakunyanyua uso.

"Leo unajua kukohoa."

"Na siku ile nilikohoa, mama."

"Ulikohoa ukiwa umeshakaa, umeshakula, umeshashiba." Akavuta uzi wa ukindu kwa meno. "Una mvi, Lopeti. Una watoto. Ulikuwa unafanya nini humo gizani kama panya wa dari?"

Lopeti alisema alidhani asipoonekana hayumo. Losaline akasimamisha kusuka.

"Hata mtoto mdogo akijifunika khanga usoni anadhani amejificha. Lakini yeye tunamcheka, kwa kuwa ana miaka miwili."

Alimpiga maneno kwa muda mrefu, na Lopeti aliyapokea yote, kichwa chini. Alimkumbusha marehemu mama yake. Alimkumbusha kwamba Pisila ndiye angeketi juu, mahali pa heshima pa dada, siku ya kumzika Lopeti, na akamuuliza kama anataka azikwe bila mtu wa kukaa hapo. Alipoishiwa, Lopeti alisema alilokuja kusema. Somo litafanyika na Pisila atapata cheti. Kama mmoja wao hana budi kukosa, atakosa yeye.

"Na shule yako?"

"Nitaitafutia njia nyingine."

Hakuwa na njia nyingine, na Losaline alijua hivyo. Akanyanyuka, akaenda jikoni. Kupitia ukuta wa mbao Lopeti alisikia minong'ono, akatazama mikono yake ili asisikie maneno. Losaline akarudi, akaketi, akashika ukindu.

"Anasema atarudi. Lakini anasema somo libaki lilelile, la mwili. Anasema wako wasichana wanaoogopa bure kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyewahi kuwaambia." Akaunyoosha ukindu. "Hilo linanihusu na mimi, naona."

Lilimhusu na Lopeti. Miaka yote ile, alipofika ukurasa huo wa kitabu cha darasa la sita, aliwaambia watoto wakausome nyumbani, na alijua nyumbani hakuna anayeusoma. Darasani kwake walikaa kaka na dada wa kila ukoo. Angefungulia wapi mdomo? Alikuwa ameheshimu mila, ndiyo. Alikuwa pia amejificha nyuma yake. Wanaotaka kila cha zamani kirudi wasikie na hili.

"Dada amesema," alisema Lopeti. "Basi ni hilohilo."

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Dokta Melenaite kabla hajafungua ofisi. Alimweleza mpango. Somo lingegawanywa mara mbili: wasichana wafundishwe na Pisila, wavulana na yeye, kila upande mahali pake, hata kule Ujerumani kama watakubali. Pisila atafanya kazi na Wiebke siku moja, yeye na Malte siku nyingine. Wajerumani wawili watachukua maneno ya upande huu na kuyapeleka upande ule, kama ambavyo watu wamekuwa wakifanya tangu kale pale kaka anapotaka kumwambia dada jambo.

Dokta alisema mradi wenyewe una lengo la watu kukaa pamoja. Alisema akiwaachia wao, kesho kila kundi litakuja na udhuru wake. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na wakubwa wa kuwajibu. Akarudia kwamba ile ni kompyuta, si nyumba.

"Dokta," alisema Lopeti, "kama ile si nyumba, mimi nilimsikiaje?"

Dokta akatazama mezani. Hapo palikuwa na picha ya baba yake, mtu mnene aliyevaa koti la kazi la kiwandani. Baadaye Dokta alimwambia Lopeti kwamba baba huyo, kila shangazi alipokuja kuwatembelea Auckland, alizima televisheni katikati ya raga na kwenda kukaa peke yake gereji, hata wakati wa baridi. Watoto walidhani wamegombana. Hakuna aliyewaeleza. Ndivyo vitu hivi vinavyokufa: havipigwi vita, havielezwi tu.

Akawaruhusu kukutana wawiliwawili. Lakini uwasilishaji wa mwisho ulikuwa nje ya uwezo wake. Wahadhiri wa Ujerumani nao wangetoa alama, na sharti lilikuwa nyuso nne kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Anayekosekana anapoteza alama za ushirikiano, na Lopeti, kwa Jumanne alizoandikwa hayupo, hakuwa na za kupoteza.

"Nimesikia," alisema Lopeti. "Kazi kwanza."

Wakafanya kazi. Kila Alhamisi asubuhi Lopeti alikaa na Malte, ambaye alikuwa na Jumatano yake jioni. Lopeti alimweleza yote, maana asiyeelezwa ndiye anayevunja vyombo. Malte alishangaa sana. Alisema yeye na dada yake walikuwa wakipigana makofi kwa sababu ya bafu. Akauliza kama Lopeti haoni pengo bila dada yake.

"Sioni pengo," alisema Lopeti. "Najua alipo kila wakati. Ndiyo maana naweza kukaa pengine."

Malte alikuwa na kawaida ya kufikiri kabla ya kusema, jambo ambalo vijana wetu wameliacha. Walichora picha, wakazifuta. Walibishana kuhusu namna ya kuwaambia wavulana mambo bila kuwafanya wacheke, na Malte alisema waache wacheke kwanza. Lopeti alilijaribu somo kwa wavulana wa kanisani, kwenye banda la boti. Walicheka kwanza. Kisha wakauliza maswali mpaka jua likawa kali. Upande wa pili Pisila aliwakusanya wasichana katika ukumbi wa akina mama, na Losaline, ambaye hakualikwa, alikaa nyuma kabisa na kusuka huku anasikiliza. Maneno yalivuka bahari mara mbili kutoka kwa dada hadi kwa kaka: yalitoka maktaba, yakaenda Ujerumani kwa Wiebke, Wiebke akamwambia Malte mezani kwao, Malte akayarudisha maabara, hatua chache kutoka yalikoanzia. Kazi ilikwenda vizuri hivyo. Kazi nyingi zinazofanywa uso kwa uso hazijapata kwenda vizuri vile.

Wiki moja kabla ya siku ya mwisho, Pisila alileta neno kwa njia hiyo ndefu. Alisema atakaa nje ya uwasilishaji ili kaka yake apate cheti, kwa kuwa ana shule inayomngoja. Lopeti alirudisha jibu lilelile alilompa Losaline. Ukaja ujumbe mwingine, mfupi, na Malte aliusoma kwa uangalifu kama mtu aliyebeba maji: dada amesema wote wawili watawasilisha, na hajaomba maoni.

Hapo hapakuwa na la kukataa. Wakapanga.

Siku ilipofika, Dokta Melenaite aliketi na daftari lake, na wahadhiri wawili wa Ujerumani wakatokea kwenye kioo wakiwa na vikombe vyao. Lopeti na Malte walianza, kisanduku cha tatu Wiebke, na cha nne, cha Pisila aliyengoja nje ya mlango wa maktaba, kiti cha mbao chenye mkeka mdogo juu yake. Lopeti alieleza sehemu ya wavulana. Kiingereza chake kilikuwa cha kitabu, lakini kila neno lilifika. Alipokuwa anamalizia, kikohozi chepesi kilisikika kutoka kisanduku cha nne. Lopeti alikata sentensi pale ilipofika, akanyanyuka, akafungua mkeka wake wa kiunoni, akauweka juu ya kiti mbele ya kamera na kutoka. Ndipo Pisila akaingia, akaketi, akaeleza sehemu yake mpaka mwisho, na tangu mwanzo mpaka mwisho hakutetereka.

Wahadhiri wa Ujerumani waliuliza yule bwana amekwenda wapi. Wiebke ndiye aliyejibu. Alisema hajaondoka, na akaonyesha mkeka.

Dokta Melenaite akaandika kwamba walikuwepo wanne. Wajerumani wakaandika watatu. Alama zikajumlishwa, zikagawanywa, na Lopeti akapita kwa alama za chini kabisa, na maelezo kwamba bado anahitaji kujifunza kushirikiana na wenzake. Alirudi Ha'apai na cheti chenye muhuri. Shule haikufungwa. Ukurasa ule wa darasa la sita aliufundisha kila mwaka, wavulana kwenye banda la boti, na kwa wasichana alimleta muuguzi wa kisiwa, mpaka Pisila mwenyewe alipopangiwa kisiwa cha jirani, akawa anakuja. Boti yake ilipokaribia gati, Lopeti alitoka darasani na kwenda shambani kumchimbia viazi. Nao wanafunzi wake, waliofundishwa naye mwenyewe, wamekua, na leo wanakaa na dada zao kwenye nyumba moja ya vigae wakitazama picha ambazo mtu hangezitazama na mkewe. Chuoni siku hizi mradi unaendelea, umekuwa mkubwa, na kamera hairuhusiwi kufungwa kabisa.

Wiebke na Malte waliahidi kuja kuwatembelea. Vijana huahidi. Kwa mwaka mmoja zilikuja barua, kisha salamu, kisha hapana kitu.

Mara ya mwisho Lopeti kuwaona ilikuwa siku ileile ya uwasilishaji. Pisila alikuwa ameshaaga na kutoka, na Dokta alikuja uani kumwita, akisema Wajerumani wanataka kumuaga. Akarudi, akaokota mkeka wake, akaufunga kiunoni, akaketi. Kisanduku cha nne kilikuwa na kiti kitupu, nacho hakukitazama. Wiebke alikuwa anafuta miwani. Kule kwao ilikuwa bado jana, taa zimewashwa, dirisha limeingia giza. Malte alisogea karibu na kioo, akawa kama anataka kusema, akajizuia. Akakohoa kwanza, taratibu, kama mtu aliyefika mlangoni pa watu, akangoja mpaka Lopeti alipoinua uso.